Yeremia, Nabii Aliyenunua Shamba Wakati wa Vita

Katika Agano la Kale Mungu aliwatuma manabii wengi kwa taifa lake la Israeli. Mkatekumeni anayejitayarisha kwa Ubatizo imempasa kujua vema nabii ni mtu wa namna gani. Nabii si mpiga ramli. Hatazami maji katika kibuyu ili amwambie mgonjwa ni nani aliyemroga, wala hadai kuku au fedha kabla ya kusema. Nabii ni mtu aliyeitwa na Mungu ili aseme kwa ajili yake. Huwakumbusha watu Agano walilolifanya na Bwana, huwaonyesha dhambi zao, na huwatia moyo wanapokata tamaa. Mara nyingi asemayo hayawapendezi wakubwa wala wadogo, na hapo ndipo mateso yake yanapoanza.

Miongoni mwa manabii hao yuko Yeremia. Kwa muda wa miaka 40 aliwaambia watu wa Yerusalemu kwamba mji wao utaanguka wasipotubu. Wakamchukia, wakampiga, wakamfunga. Lakini siku zile mji ulipokuwa karibu kuanguka kweli, na kila mtu akitafuta jinsi ya kuokoa fedha yake, Yeremia alitoa fedha yake akanunua shamba. Waliomwona waliweza kudhani kwamba amerukwa na akili. Afahamuye sababu ya jambo hilo amefahamu kazi yote ya nabii huyu.

1. Kijana wa Anatoti

Yeremia alizaliwa katika kijiji cha Anatoti, katika nchi ya kabila la Benyamini, mwendo wa saa moja na kitu kwa miguu kutoka Yerusalemu. Baba yake, Hilkia, alikuwa wa ukoo wa makuhani. Mwaka 627 kabla ya Kristu, yaani mwaka wa 13 wa ufalme wa Yosia, Neno la Mungu lilimjia. Mungu akamjulisha ya kuwa alimjua kabla hajaumbwa tumboni mwa mama yake, na ya kuwa amemweka awe nabii kwa mataifa.

Yeremia aliogopa. Akajitetea kwamba yeye ni kijana tu, hajui kusema mbele za watu. Naye alikuwa na sababu, maana katika Israeli, kama katika vijiji vingi, kijana hasimami kuwafundisha wazee waliokaa barazani. Lakini Mungu hakuukubali udhuru wake. Akamgusa kinywa, akatia humo maneno yake, akamwonyesha kazi yenye sehemu mbili: kwanza kung'oa na kubomoa, kisha kujenga na kupanda. Mkulima haoni shida kulifahamu jambo hili. Asiyeng'oa magugu hapandi maharage, na akipanda juu ya magugu hatavuna kitu. Yeremia alipewa kung'oa kwa miaka mingi sana. Kupanda alikupewa mwishoni, tena gerezani.

Kisha Mungu alimwonyesha chungu kinachotokota, kimeinama kutoka upande wa kaskazini kama kitakachomwagika. Maana yake ilikuwa hii: kutoka kaskazini majeshi yatakuja na kuifunika nchi ya Yuda.

Siku zile mfalme Yosia alikuwa mtu mwema. Mwaka 622 kabla ya Kristu kitabu cha Sheria kilionekana katika Hekalu, na mwandishi Shafani akamsomea mfalme. Yosia aliposikia jinsi Agano lilivyovunjwa, alirarua mavazi yake kwa huzuni. Akaamuru sanamu zivunjwe na mahali pa kutambikia miungu ya uongo paharibiwe. Lakini mfalme aweza kuvunja sanamu zilizo juu ya vilima, hawezi kuvunja zile zilizo moyoni mwa watu. Mwaka 609 Yosia aliuawa Megido akipigana na Neko, mfalme wa Misri. Baada ya kifo chake watu wakarudia upesi desturi zao za zamani.

2. Hekalu halimfichi mwovu

Mfalme Yehoyakimu, mwana wa Yosia, hakufuata njia ya baba yake. Alijijengea nyumba kubwa yenye madirisha mapana na mbao za mierezi, naye aliwafanyisha watu kazi bila kuwalipa mshahara. Yeremia alimkemea wazi. Akasema kwamba mtu hawi mfalme kwa kushindana na wengine kwa mierezi. Baba yake Yosia alikula na kunywa kama watu wote, lakini aliwatetea maskini, na huko ndiko kumjua Mungu.

Mwanzoni mwa ufalme huo Mungu alimtuma Yeremia asimame katika ua wa Hekalu, mahali watu wa vijiji vyote vya Yuda walipopita kwenda kusali. Watu hao walikuwa na tumaini moja: Hekalu la Mungu liko kwetu, basi hakuna adui atakayetuweza. Yeremia aliwaambia kwamba wanajidanganya. Wanaiba, wanaua, wanazini, wanaapa kwa uongo, wanamwonea mgeni, yatima na mjane, kisha wanaingia Hekaluni na kudhani wameokoka. Wameigeuza nyumba ya Mungu kuwa pango la wanyang'anyi wanaojificha baada ya kuiba. Akawakumbusha Shilo, mahali hema la Mungu lilipokaa zamani, palipokuwa magofu. Wasipotengeneza mwenendo wao, Hekalu la Yerusalemu nalo litakuwa vivyo hivyo.

Makuhani na manabii wa uongo wakamkamata, wakataka auawe. Yeremia hakubadili neno hata moja. Alisema kwamba yumo mikononi mwao, wafanye wapendavyo, ila wajue watamwaga damu ya mtu asiye na hatia. Ndipo wazee fulani wakasimama, wakakumbusha kwamba nabii Mika naye alitabiri maangamizi ya mji zamani za mfalme Hezekia, na mfalme yule hakumwua bali alitubu. Tena Ahikamu, mwana wa yule mwandishi Shafani, akamlinda Yeremia asitiwe mikononi mwa watu. Nabii mwingine, jina lake Uria, hakupata mtetezi. Alikimbilia Misri, lakini mfalme alituma watu wakamrudisha, naye akauawa kwa upanga.

Fundisho hili lawafaa sana wanaojitayarisha kubatizwa. Kuvaa medali shingoni, kuimba vizuri katika kwaya, kukaa karibu na kanisa la matofali, hayo yote ni mema. Lakini hayamfichi mtu anayesogeza mpaka wa shamba la mjane usiku, au anayemlimisha mwenzake na kumnyima ujira wake. Mungu anaona ndani ya pango.

3. Kitabu kilichotiwa motoni

Mwaka 605 kabla ya Kristu Nebukadneza wa Babiloni aliwashinda Wamisri huko Karkemishi, kando ya mto Eufrate. Tangu hapo ilikuwa wazi kwamba hatari ya kaskazini si ndoto. Mungu akamwamuru Yeremia aandike katika kitabu maneno yote aliyoyasema tangu zamani za Yosia, huenda watu wakasikia na kutubu. Yeremia alisema kwa kinywa chake, na Baruku, mwandishi na rafiki yake mwaminifu, akaandika kwa wino katika gombo refu. Kwa kuwa Yeremia alikatazwa kuingia Hekaluni, alimtuma Baruku akasome huko.

Siku ya mfungo, mwezi wa 9 wa mwaka uliofuata, Baruku alisoma kitabu mbele ya watu wote katika chumba cha Gemaria, mwana mwingine wa Shafani. Wakubwa waliposikia waliogopa. Wakamshauri Baruku yeye na Yeremia wajifiche, kisha wakapeleka habari kwa mfalme. Yehoyakimu alikuwa ameketi katika nyumba yake ya wakati wa baridi, na mbele yake mna makaa ya moto, mfano wa mbabula. Kila mara msomaji alipokwisha kusoma safu tatu au nne, mfalme alizikata kwa kisu na kuzitupa motoni. Gemaria na wenzake wawili walimsihi asikichome, asiwasikilize. Akaendelea hata kitabu chote kikateketea. Baba yake aliposomewa Neno la Mungu alirarua mavazi, naye mwana alikikata kitabu chenyewe.

Mfalme alidhani ameyamaliza mambo. Lakini Mungu alimwagiza Yeremia atwae gombo jingine. Baruku akaandika tena maneno yote ya kwanza, na mengine mengi yakaongezwa. Moto wa mfalme ulikula ngozi au karatasi tu, haukuweza kulila Neno.

Jambo la ajabu limeonekana katika zama hizi. Mwaka 1982 watu wachimbuao mambo ya kale walipata mjini Yerusalemu vipande vya udongo vilivyotumiwa kufungia barua na hati, vikiwa vimepigwa mihuri. Kimoja kina jina la Gemaria mwana wa Shafani. Hati zenyewe ziliungua mji ulipochomwa, lakini moto ule ule uliukausha udongo ukawa mgumu kama chungu. Hivyo jina la mtu aliyemsihi mfalme asichome kitabu limehifadhiwa kwa moto.

4. Maumivu ya nabii

Yasidhaniwe kwamba Yeremia alikuwa na moyo wa jiwe. Watu wa kijiji chake cha Anatoti walipanga kumwua, na ndugu zake mwenyewe hawakumtendea kwa uaminifu. Kwa agizo la Mungu hakuoa wala hakupata watoto, ili upweke wake uwe ishara ya msiba unaokuja. Pashuri, kuhani na msimamizi wa Hekalu, alimpiga na kumtia katika mkatale usiku kucha, na wapita njia wakamcheka.

Mara nyingi Yeremia alimlilia Mungu. Alilalamika kwamba amevutwa katika kazi hii naye hakuweza kushindana. Alilaani hata siku ya kuzaliwa kwake. Alitaka kunyamaza kabisa, asilitaje tena jina la Bwana, lakini Neno lilikuwa ndani yake kama moto uliofungiwa katika mifupa, akachoka kulizuia. Mungu hakumkasirikia kwa malalamiko hayo. Alimtia nguvu na kumrudisha kazini. Basi Mkristu anayelia mbele ya Mungu katika taabu yake asifikiri kwamba amepoteza imani. Anayemlilia Mungu bado anamwendea.

5. Nira na barua

Mwaka 597 kabla ya Kristu Nebukadneza aliutwaa mji mara ya kwanza. Yehoyakimu alikuwa amekwisha kufa, na mwanawe Yehoyakini, aliyetawala miezi 3 tu, alichukuliwa mateka pamoja na wakubwa, askari na mafundi. Sedekia akawekwa kuwa mfalme katika nchi iliyobaki.

Manabii wa uongo wakawaambia watu kwamba wasiogope, mateka watarudi karibuni. Yeremia akavaa nira shingoni, yaani ule mti wafungwao ng'ombe wanaovuta jembe, awaonyeshe watu kwamba imewapasa kukubali utawala wa Babiloni ili wapone. Nabii mmoja, Hanania, akaitwaa nira ile shingoni mwake, akaivunja mbele ya watu wote, akitangaza kwamba baada ya miaka miwili tu yote yatakwisha. Watu walifurahi kusikia hivyo. Yeremia naye aliitikia kwamba laiti ingekuwa hivyo, akaenda zake. Kisha Mungu alimtuma arudi na kusema kwamba nira ya mti iliyovunjwa itafuatwa na nira ya chuma. Hanania alikufa mwaka ule ule.

Kwa wale waliochukuliwa Babiloni Yeremia aliandika barua. Aliwaagiza wajenge nyumba, wapande bustani na kula matunda yake, waoe na kuozesha, wautakie amani mji walimo na kuuombea, maana amani yake ni amani yao. Kurudi kutakuwako, lakini baada ya miaka 70. Kwa hiyo wengi waliosikia barua ile walijua kwamba watakaorudi ni watoto na wajukuu wao. Ndivyo nabii wa kweli alivyo. Hauzi matumaini mepesi, lakini hamwachi mtu bila tumaini.

6. Katika tope la kisima

Sedekia alikuwa mfalme mwenye moyo dhaifu. Alipenda kusikia neno la nabii, lakini aliwaogopa wakubwa wake. Mwisho akaasi, na mwaka 588 majeshi ya Babiloni yakauzunguka mji. Kwa hofu ya vita mfalme na matajiri walifanya agano mbele ya Mungu kuwaacha huru watumwa wao Waebrania. Kisha jeshi la Misri likatokea, Wababiloni wakaondoka kwa muda mfupi, na hapo matajiri wakawakamata tena watumwa wale. Yeremia akawaambia kwamba wamelichafua jina la Mungu, na adui atarudi. Agano la wakati wa hofu walilivunja siku ile hofu ilipopungua.

Katika siku hizo za nafasi Yeremia alitaka kwenda nchi ya Benyamini kwa shauri la ardhi ya ukoo wake. Mlinzi akamkamata langoni, akimshtaki kwamba anawakimbilia adui. Wakampiga na kumfunga katika shimo, akakaa humo siku nyingi. Baadaye mfalme alimwita kwa siri, akamhamishia uwanja wa walinzi, akapewa mkate mmoja kila siku hata mikate ya mji ilipokwisha.

Hata katika uwanja ule Yeremia aliendelea kuwaambia watu kwamba atakayejitoa kwa Wababiloni ataishi. Wakubwa wanne walimshtaki kwamba anawavunja moyo askari. Mfalme hakuthubutu kuwakataza. Wakamshusha kwa kamba katika kisima cha kuwekea maji ya mvua. Humo hamkuwa na maji bali tope, na Yeremia akazama katika tope, aachwe afe kwa njaa.

Aliyemwokoa hakuwa kuhani wala Mwisraeli. Alikuwa Ebed-Meleki, mtu wa Kushi, mtumishi katika nyumba ya mfalme. Kushi ni nchi iliyo kusini ya Misri, kando ya mto Nili, katika nchi iitwayo leo Sudani. Maji ya mto Semliki, upitao katika nchi ya Beni, huingia katika mto huo wa Nili na kuipita nchi ile ya Kushi. Basi mtu huyu mweusi wa Afrika, mgeni katika Yerusalemu, alimwendea mfalme alipokuwa ameketi langoni, akasema waziwazi kwamba watu wale wametenda vibaya. Mfalme akampa watu wa kumsaidia. Ebed-Meleki alikwenda kwanza kutafuta nguo kuukuu na matambara, akayateremsha kisimani, akamwagiza Yeremia ayatie makwapani chini ya kamba, zisimkate ngozi. Kisha wakamvuta polepole mpaka juu.

Wenye cheo na elimu ya dini walimtupa nabii, mtumishi mgeni akamtoa. Naye hakumtoa kwa nguvu tu, bali kwa huruma iliyokumbuka hata makwapa ya mfungwa. Mungu hakulisahau tendo hilo. Alimwahidi Ebed-Meleki kwa kinywa cha Yeremia kwamba mji utakapotwaliwa yeye hatauawa, kwa sababu alimtumaini Bwana.

7. Shamba la Anatoti

Ilikuwa wakati wa kifungo hicho katika uwanja wa walinzi, mwaka wa 10 wa Sedekia. Maboma ya udongo ya adui yalikuwa yamefika ukutani. Njaa na tauni vilikuwa ndani ya mji, na vijiji vya kando, pamoja na Anatoti, vilikuwa mikononi mwa Wababiloni. Hanameli, mwana wa Shalumu, mjomba au baba mdogo wa Yeremia kwa ukoo, ndiye aliyekuja gerezani na shauri la ajabu. Alimwomba Yeremia anunue shamba lake lililoko Anatoti, kwa kuwa yeye ndiye jamaa mwenye haki ya kulikomboa lisitoke katika ukoo. Mungu alikuwa amekwisha kumjulisha Yeremia kwamba mtu huyu atakuja.

Ni nani anunuaye shamba ambalo askari wa adui wamepiga hema juu yake? Ni nani anunuaye shamba naye ni mfungwa, hana mke wala mtoto wa kumrithi? Watu wa Beni na Butembo waweza kulipima jambo hili. Wengi wao wamewahi kuacha muhogo na maharage shambani na kukimbia na watoto mgongoni, wasijue kama watarudi. Wanajua kwamba siku kama hizo ardhi haina bei, maana hakuna anayeitaka.

Yeremia alinunua. Alipima fedha sekeli 17, yapata gramu 200, bila kupunguza. Akaandika hati mbili mbele ya mashahidi, moja ikafungwa na kupigwa muhuri, na nyingine ikaachwa wazi isomwe. Akampa Baruku mbele ya Hanameli, mbele ya mashahidi na Wayahudi wote waliokaa uwanjani. Akamwagiza azitie hati hizo katika chombo cha udongo, zipate kudumu siku nyingi. Kisha akaeleza sababu: Bwana amesema kwamba nyumba, mashamba na mizabibu vitanunuliwa tena katika nchi hii.

Hata Yeremia mwenyewe hakulifahamu jambo hili kwa wepesi. Alipokwisha kutoa hati alisali, akimwonyesha Mungu maboma ya adui na kushangaa kwamba ameambiwa anunue shamba wakati mji umekwisha kutolewa. Alitii kwanza, akauliza baadaye. Mungu akamjibu kwamba hakuna jambo lililo gumu kwake. Atawakusanya watu wake, atafanya nao agano la milele, naye atawapanda katika nchi hii kwa moyo wake wote. Ndipo ikaanza ile sehemu ya pili ya kazi aliyopewa alipokuwa kijana, sehemu ya kujenga na kupanda.

8. Mji waanguka

Mwaka 587 kabla ya Kristu ukuta ulibomolewa. Sedekia alikimbia usiku, akakamatwa karibu na Yeriko. Watoto wake waliuawa mbele ya macho yake, kisha macho yake yakapofushwa, akapelekwa Babiloni katika minyororo. Hekalu, nyumba ya mfalme na nyumba za mji zikachomwa moto. Yote aliyoyasema Yeremia yalitimia, naye hakufurahi bali alilia.

Mkubwa wa jeshi la Babiloni alimfungua, akampa ruhusa ya kuchagua: aende Babiloni atunzwe vizuri, au abaki. Yeremia akachagua kubaki na maskini walioachwa katika nchi, chini ya liwali Gedalia, mwana wa Ahikamu yule aliyemlinda zamani. Lakini Gedalia aliuawa kwa hila. Watu waliosalia wakaogopa kisasi, wakakimbilia Misri kinyume cha neno la nabii, wakamchukua Yeremia na Baruku pamoja nao. Huko Misri, katika bara la Afrika, Yeremia alihubiri mara ya mwisho. Maandiko Matakatifu hayasimulii kifo chake. Hakuliona tena shamba lake.

Je, fedha yake ilipotea? Mwaka 538 kabla ya Kristu Koreshi, mfalme wa Waajemi aliyekuwa ameishinda Babiloni, aliwapa Wayahudi ruhusa ya kurudi kwao. Katika kitabu cha Ezra imeandikwa hesabu ya waliorudi, kijiji kwa kijiji. Kati ya vijiji hivyo Anatoti imetajwa, na hesabu ya watu wake ni 128. Watu hao walirudi katika udongo ule ule ambao jamaa yao aliulipia fedha wakati haukuwa na thamani.

9. Agano lililoandikwa moyoni

Katika siku zile za giza Yeremia alitangaza jambo kubwa kuliko yote. Mungu atafanya Agano Jipya. Agano la kwanza liliandikwa juu ya mawe, na watu wakalivunja. Hili Jipya Mungu mwenyewe ataliandika ndani ya mioyo, naye atasamehe uovu wa watu wake wala hataikumbuka tena dhambi yao.

Ahadi hiyo ilitimizwa na Bwana wetu Yezu Kristu. Yeye naye aliulilia mji wa Yerusalemu, naye aliwafukuza wachuuzi Hekaluni akitaja lile pango la wanyang'anyi. Watu waliomwona walimdhania hata kuwa ni Yeremia aliyerudi. Usiku ule kabla ya kuteswa kwake alitwaa kikombe na kukitoa kuwa Agano Jipya katika damu yake. Yeremia alilipa sekeli 17 kwa shamba lililotekwa na adui. Yezu alilipa damu yake kwa wanadamu waliotekwa na dhambi, siku zile ambapo hawakuwa na uzuri wowote wa kumvuta mnunuzi.

Mkatekumeni akaribiapo Ubatizo akumbuke kwamba yeye ndiye shamba lililonunuliwa. Magugu hayana budi kung'olewa, nako kung'oa kunaumiza. Lakini Mungu haondoi magugu ili aliache shamba tupu. Roho Mtakatifu hutia muhuri, na muhuri huo haufutiki.

Maswali ya kukumbuka mafundisho

1. Nabii ana tofauti gani na mpiga ramli?
2. Kwa nini Yeremia alisema kwamba Hekalu halitawaokoa watu wa Yuda?
3. Yosia na Yehoyakimu walifanya nini, kila mmoja, aliposomewa Neno la Mungu?
4. Ebed-Meleki alikuwa mtu wa nchi gani, naye alimwokoa Yeremia kwa namna gani?
5. Kwa nini Yeremia alinunua shamba wakati mji umezungukwa na adui?
6. Agano Jipya limeandikwa wapi, na ni nani aliyelitimiza?